KILIMI SI UGONJWA: NENO "UVULA" NA ASILI YAKE

Kabla hamjaendelea mbele, kila mmoja atafute kioo, hata kile kipande kidogo kinachofichwa sandukuni bwenini. Simama penye mwanga, fungua kinywa wazi, useme "aaa". Pale nyuma kabisa, katikati ya dari ya kinywa, utaona kinyama chekundu kinachoning'inia kama tone la maji lililokataa kudondoka. Wewe unacho, mimi ninacho, walimu wetu wanacho, na mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo kule Vitengeni anacho pia. Katika somo la Biolojia kinyama hicho huitwa uvula.

Neno lenyewe limekaa Kiswahili kabisa: u-vu-la, silabi tatu, kila moja imeishia kwa irabu. Mtu akikuambia ni neno la Kirabai au la Kidigo waweza kukubali bila ubishi. Lakini wapi! Neno hili ni Kilatini, na limesafiri miaka mingi hata likafika Ganze. Nimelichagua makusudi, kwa sababu ndilo neno la mwili ambalo kutolielewa kwaweza kumtoa mtu damu, tena mtoto mchanga. Tutafika huko.

Warumi wa kale walikuwa na neno uva, maana yake zabibu. Walipotaka kusema zabibu ndogo wakaongeza mwisho wa neno, ikawa uvula. Kwa hiyo tukilitafsiri neno kwa neno, uvula ni "kizabibu". Basi, hakuna uchawi wowote. Sisi tukitaka kukifanya kitu kidogo twaweka kiambishi mwanzoni: mlango huwa kilango, mto huwa kijito. Wao waliweka mwishoni. Majina mengi ya mwili tunayoyakariri usiku wa kuamkia mtihani yana udogo wa namna hiyo ndani yake. Mfupa wa mtulinga huitwa klavikula, yaani kifunguo, ufunguo mdogo. Pia ya goti huitwa patela, yaani kisahani. Msuli kwa Kilatini ni musculus, yaani kipanya, eti kwa sababu ukikunja mkono tafu husogea chini ya ngozi kama panya mdogo chini ya mkeka. (Hapo kwenye goti naona Waswahili tumewashinda Warumi. Wao waliona chombo cha jikoni, sisi tukaona pia, kile kitu cha kuchezea watoto kinachozungushwa kwa uzi. Ushike mfupa huo mguu ukiwa umelegea, uusukume huku na huku, halafu uniambie ni sahani au ni pia.)

Sasa turudi kinywani. Sisi wa Ganze hatuna mashamba ya mizabibu. Zabibu tunayoijua ni ile kavu ya dukani inayotiwa katika pilau. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa "kizabibu" huenda asione kitu. Basi aifikirie zambarau iliyoiva, inavyoning'inia kwenye kikonyo chake, imejaa maji na ngozi yake inang'aa. Hivyo ndivyo kinyama hiki kinavyokuwa kikivimba.

Na Kiswahili chetu je? Mimi nayafahamu majina manne: kilimi, kimio, kimeo na kidakatonge. Tuyatazame moja moja maana yana utamu wake.

Kilimi ni ulimi mdogo. Umeondolewa u- ukawekwa ki-. Ni kazi ile ile ya Warumi, ila wao walifananisha na tunda nasi tukafananisha na ulimi ulio jirani.

Kimio nalo limejengwa vivyo hivyo kutokana na umio, ule mrija unaoteremsha chakula tumboni. Ulimi, kilimi, umio, kimio. Mwanafunzi wa ngeli hapo hahitaji kuambiwa zaidi. Kimeo ni matamshi mengine ya neno hilo hilo, lakini matamshi haya yana hatari yake, kwa sababu mtu akisikia "kimeo" masikio yake humpeleka kwenye kumea, akadhani ni kitu kilichoota kooni kama uyoga kwenye gogo. Na ndugu zetu wa Tanzania katika lugha ya mitaani hutumia kimeo kwa kitu chochote kibovu au chenye matatizo, simu kimeo, gari kimeo. Maskini kinyama cha watu!

Kidakatonge limeundwa kwa kitenzi na nomino, kama kifunguamimba na kitindamimba. Ni kile kinachodaka tonge. Jina tamu sana, nami nalipenda, lakini lina tatizo. Vitabu vingine hulitumia kwa kinyama hiki kinachoning'inia, na vingine hulitumia kwa kile kifuniko kilicho chini zaidi, nyuma ya ulimi, ambacho hufunika njia ya pumzi tunapomeza. Kifuniko hicho ndicho kinachoitwa epiglotisi. Ni viungo viwili mbalimbali, jina moja. Mwanafunzi akiandika kidakatonge hujui anasema nini.

Tusidhani matatizo haya ni ya Kiswahili peke yake. Huko Ulaya mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kufikia mwisho wa karne ya 19 majina ya viungo vya mwili yalikuwa yamefika kama 50,000, kwa sababu kila chuo na kila daktari mkubwa alikuwa na majina yake. Mwaka wa 1895 wataalamu walikutana Basel, nchini Uswisi, wakayapunguza hadi kama 5,500, yote kwa Kilatini, ili Mjerumani na Mfaransa wakikutana wasigombane. Katika orodha za namna hiyo kinyama chetu kina jina la ukoo kabisa: uvula palatina, yaani kizabibu cha kaakaa. Ilibidi kutaja kaakaa kwa sababu mwili una vizabibu vingine, kimoja katika ubongo wa nyuma na kingine ndani ya kibofu cha mkojo. Upande wetu, BAKITA liliundwa Tanzania mwaka wa 1967, na TUKI wakatoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, kwa hiyo kazi ya kusanifisha imefanyika kiasi. Maoni yangu ni kwamba kinyama hiki kiitwe kilimi, na kidakatonge waachiwe wenye kifuniko. Atakayepinga na aandike katika toleo lijalo.

Naam. Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kwetu Pwani, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, utasikia mtu akisema hivi: "Huyu mtoto ana kilimi." Husemwa kwa masikitiko, kama vile mtu anavyosema huyu mtoto ana surua. Mtoto amekohoa wiki nzima, au anatapika maziwa, au hanenepi. Mzee humfungua kinywa, akatazama, akatikisa kichwa. Mjukuu aliyesoma Biolojia akiwa karibu atauliza, "Hawe, kwani wewe huna kilimi?" Na Hawe atajibu, "Mimi ninacho kidogo, mjukuu wangu. Cha huyu kimeshuka."

Mnaona kilichotendeka hapo? Jina la kiungo limegeuka likawa jina la ugonjwa. Husemi mtu ana pua ukimaanisha anaumwa mafua, wala ana tumbo ukimaanisha anaharisha (ingawa tumbo nalo wakati mwingine tunalionea!). Lakini kilimi kimehukumiwa kwa jina lake. Kuwa nacho tu ni kosa.

Jambo la ajabu ni kwamba Wayunani wa kale walipita njia hii hii, ila wao walitoka upande wa pili. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka wa 384 na 322 kabla ya Kristo, aliandika habari za kinyama hiki katika kitabu chake cha wanyama. Anakiita nguzo inayobeba zabibu. Zabibu yenyewe, yaani staphyle kwa Kiyunani, lilikuwa jina la hali ya ugonjwa: nguzo ile ikilowa na kuvimba hata mtu akahisi kukabwa, ndipo ilipoitwa zabibu. Nacho kitabu cha kale cha uganga kinachohesabiwa miongoni mwa vile vya Hippocrates kinasema vivyo hivyo, kwamba ni zabibu pale ncha inapokuwa kubwa. Baadaye watu wakasahau tofauti hiyo, jina la uvimbe likashika kiungo chenyewe, kizima au kigonjwa. Warumi walipofasiri staphyle wakasema uva, na uva ikazaa uvula. Kwa hiyo kila unapoandika uvula katika daftari lako, unaandika jina la uvimbe uliotazamwa na Wayunani miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Wao walichukua jina la ugonjwa wakalipa kiungo, sisi tumechukua jina la kiungo tukalipa ugonjwa. (Neno staphyle halijafa. Mwaka wa 1882 daktari wa Uskoti, Alexander Ogston, aliwapa jina la stafilokoki bakteria aliowaona kwenye usaha, kwa kuwa chini ya hadubini walikusanyika kama kichala cha zabibu.)

Basi mtu akishaamini kwamba mtoto "ana kilimi", dawa inayofuata yajulikana: kikatwe. Mkataji huja na wembe au kisu kidogo, mtoto hushikwa na watu wawili, na kazi huisha kwa muda mfupi. Desturi hii imeandikwa kutoka Kenya na Tanzania, kutoka Ethiopia na Sudan, hata Niger na Nigeria kule magharibi. Haina kabila wala dini. Na wanaoipeleka mbele si watu wabaya. Ni wazazi waliokesha na mtoto anayekohoa, na kituo cha afya kiko mbali, na nauli ya pikipiki haipo. Tuseme ukweli huo kwanza.

Lakini mbona basi watoto wengi hupona baada ya kukatwa? Swali hili lazima lijibiwe, maana ndilo linaloifanya desturi iishi. Kikohozi cha mafua kwa kawaida huisha chenyewe baada ya wiki moja au mbili, kaa na dawa, kaa bila dawa. Mzazi huvumilia, siku ya saba uvumilivu humwishia, humwita mkataji. Siku ya kumi mtoto ameacha kukohoa. Sifa zote humwendea mkataji, na jirani huambiwa. Yule ambaye kikohozi chake hakikuisha hatangazwi sana, kwa sababu watu husema alichelewa kukatwa.

Na kweli, mtoto mwenye mafua akifunguliwa kinywa, kilimi chake huonekana chekundu na kimejaa. Koo zima limewaka, nacho kimo humo humo. Mzio, kukohoa usiku kucha, kukauka kwa kinywa, yote hukivimbisha. Kuona kilimi kimevimba ukasema ndicho kilicholeta kikohozi ni kama kuona moshi juu ya paa la makuti ukaanza kuupiga moshi kwa ufagio. Moto uko chini: ni virusi, ni nimonia, ni pumu, pengine ni kifua kikuu.

Sasa sikilizeni yule Mrumi. Celsus, aliyeandika kitabu cha tiba katika karne ya 1 baada ya Kristo, alikuwa na sura nzima juu ya upasuaji wa kinywa. Anasema kwamba kilimi kilichoshuka kwa kuvimba, kinauma na kimekuwa chekundu, hakikatwi bila hatari kwa kuwa humwaga damu nyingi. Kinachoweza kukatwa ni kile kisichowaka, kilichokonda na kuwa cheupe na kurefuka kupita kiasi, nacho kikatwe ile sehemu iliyozidi tu. Fikirieni! Mtu asiyekuwa na hadubini, asiyejua bakteria wala kundi la damu, alikwisha kujua kwamba kilimi chekundu kilichovimba si cha kuguswa kwa kisu. Na kwetu ndicho hicho chekundu kinachokatwa.

Damu ndiyo hatari ya kwanza. Mtoto wa miezi mitatu ana damu chache mwilini, na damu ya kooni haionekani yote, kwa sababu huimeza. Mama huona anamezameza tu na kudhani ametulia. Hapa kwetu kuna watoto ambao tayari wamepungukiwa na damu kwa malaria, na ugonjwa wa selimundu upo sana Pwani. Hao hawana damu ya kupoteza. Hatari ya pili ni viini: wembe wa mkataji huleta pepopunda, hupeleka usaha kooni hadi kwenye damu, na ukitumiwa kwa mtoto zaidi ya mmoja waweza kubeba virusi vya Ukimwi. Ya tatu haitajwi sana nami naiona ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni muda. Mtoto mwenye nimonia akikatwa kilimi leo, nyumbani watasubiri waone dawa ikifanya kazi, na siku hizo mbili tatu za kusubiri ndizo alizohitaji dawa ya kweli. Mwaka wa 2015 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya madhara na vifo vya watoto waliofikishwa katika idara yao ya dharura baada ya kukatwa kimeo kienyeji. Ni karne ya 21, na bado wako wa kutosha kuandikiwa utafiti.

Kuna wanaouliza, kilimi chenyewe kina kazi gani hata kitetewe hivi? Kinayo. Unapomeza tonge la sima, kaakaa laini huinuka pamoja na kilimi likaziba njia ya kwenda puani. Ndiyo maana uji haukutoki puani, isipokuwa mtu akikuchekesha katikati. Kilimi kimejaa tezi ndogo zinazotoa mate mepesi ya kulainisha koo. Tena husaidia katika matamshi, na hapa wanachama wa chama chetu watege masikio.

Mwanaisimu mkubwa wa Kiarabu, al-Khalil bin Ahmad, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, alizipanga herufi za Kiarabu kwa mahali zinapotamkiwa, kuanzia kooni kuja midomoni. Herufi qaf na kaf aliziita za lahat, na lahat kwa Kiarabu ndicho kilimi hiki hiki. Sauti ya qaf hutamkwa nyuma ya ulimi ikigusa pale kilimi kilipo. Kiswahili hakikuitaka. Maneno yalipovuka bahari na majahazi, qalam ikawa kalamu, qahwa ikawa kahawa, waqt ikawa wakati. Tulichukua maneno, sauti ya kilimi tukaiacha Bandarini. Waliosoma chuoni bado huitamka vizuri wanaposoma Qur'ani. Nao Wafaransa wengi hutamkia r yao mahali hapo hapo, jambo linalowatesa wanaojifunza Kifaransa.

Sisemi kwamba kilimi hakikatwi kabisa. Madaktari wa upasuaji hukikata kwa sababu maalumu, kwa mfano kwa baadhi ya watu wazima wanaokoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Lakini hao hulazwa katika chumba cha upasuaji, kwa dawa ya usingizi, na damu ikitoka yuko wa kuizuia. Operesheni hiyo huitwa uvulektomi, Kilatini mbele na Kiyunani nyuma, ektome ikiwa ni kukata na kuondoa.

Kwa mtoto anayekohoa, dalili za kukimbiliwa ni hizi: anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, analegea au anapata degedege. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo, iwe Ganze, iwe Bamba, iwe hospitali ya Kilifi. Na kama keshakatwa, mzazi asifiche. Wauguzi wanahitaji kujua damu imetoka wapi ili wajue pa kutazama.

Wenye vioo bado mikononi wajitazame tena. Kwa watu wachache, kama mmoja au wawili katika kila mia, ncha ya kilimi imegawanyika pacha kama ulimi wa nyoka. Wengi wao hawana shida yoyote maisha yao yote. Lakini mara nyingine ni alama kwamba kaakaa lina ufa uliofichika chini ya ngozi, na mtoto wa namna hiyo maziwa humrudia puani akinyonya, na akikua husema kipuani. Hapo kilimi kinamwonyesha daktari kitu ambacho macho yasingekiona, mradi mtu asiwe amekwisha kukikata.